Kwa nini tunazitafuta chembe ambazo hakuna aliyewahi kuziona

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, nakaa Ngomeni, Malindi. Mwalimu wetu wa fizikia alitutajia supasimetri. Alisema kila chembe tunayoijua huenda ina mwenza wake: elektroni ina selektroni, fotoni ina fotino, na kuendelea. Nikauliza nani amewahi kuona hata moja, akasema hakuna. Nilipomhadithia bibi nyumbani alicheka, akasema, "Basi hao ni majini." Sikuwa na la kumjibu. Naomba unifahamishe: chembe hizi zilitoka wapi, na kwa nini watu wenye elimu yao wanamaliza miaka wakitafuta kitu ambacho hakijaonekana?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nisalimie bibi sana, na umwambie hakukosea. Mtu akikwambia kuna kitu usichokiona wala kukigusa, una haki ya kumuuliza: nitajuaje kama si kweli? Ya majini nawaachia masheikh, hiyo si elimu yangu. Lakini kwa chembe hizi swali la bibi lina jibu. Kila moja imeandikiwa chaji yake, spini yake, na njia itakayovunjikia. Ukienda mahali ambapo lazima ionekane ukaikosa, mahali hapo panafutwa na hakuna atakayepigania tena. Miaka zaidi ya 15 sasa tunafuta, na sehemu kubwa ya barua hii ni habari ya kufuta huko.

Kwanza tunavyovijua. Chembe za msingi ziko za makabila mawili. Fermioni, zilizopewa jina la Mtaliano Enrico Fermi, ndizo zinazounda maada: elektroni, neutrino isiyo na chaji ambayo hupenya karibu kila kitu, na kwaki ambazo zikishikana huwa protoni na nyutroni. Bosoni, kwa jina la Mhindi Satyendra Nath Bose, nyingi ni za kubeba kani: fotoni ya mwanga, gluoni inayozishika kwaki, W na Z, na pamoja nazo chembe ya Higgs, inayohusika na jinsi chembe nyingine zinavyopata tungamo. Kinachoyatenga makabila haya ni spini, kipimo cha mzunguko ambacho chembe huzaliwa nacho na haiwezi kukipoteza. Elektroni ina nusu. Fotoni ina moja. Higgs ina sifuri.

Nusu hiyo usiidharau. Fermioni mbili za aina moja haziwezi kuwa katika hali moja pahali pamoja, kama viti vya basi la Mombasa: kila kiti na mtu wake, aliyechelewa aende nyuma. Bosoni hazina shida hiyo. Fikiria usiku wa maulidi, watu mia wanaitikia kasida moja. Sauti zote zinaingia mle mle ukumbini na hakuna inayoisukuma nyingine nje. Kwa sababu elektroni hazirundikani, atomu ina tabaka, na kwa sababu ina tabaka kuna kemia, kuna chumvi ya Gongoni, kuna wewe.

Supasimetri ilianza na swali la hisabati: je, yaweza kuwepo kanuni inayogeuza fermioni kuwa bosoni na bosoni kuwa fermioni, na sheria zote zibaki vilevile? Wanafizikia Golfand na Likhtman waliandika jibu la kwanza mjini Moscow mwaka 1971, na mwaka 1974 Julius Wess na Bruno Zumino wakalipatia umbo ambalo wengi walilifuata. Kanuni ya namna hiyo inawezekana, na ina bei. Kila chembe lazima iwe na mwenza ambaye spini yake inatofautiana naye kwa nusu. Watu walijaribu kuoanisha chembe zilizopo zenyewe kwa zenyewe, wakashindwa, maana chaji na tabia nyingine hazilingani. Ikabidi orodha yote iongezwe mara mbili.

Katika majina yake, nyinyi wa Malindi mna bahati. Mtoto aliyekulia ufukweni akiwasikia Wataliano wakiita "bambino" anajua masikioni kwamba -ino ni kitu kidogo. Neno neutrino lenyewe limetoka Italia, na wenza wa bosoni wamefuata mkia huohuo: fotino, gluino, zino, higgsino. Mwenza wa W anaitwa wino, na naomba usimchanganye na wino wa kalamu, ingawa kwetu sisi ndilo jina la chembe lililo rahisi kuliko yote kulikumbuka. Wenza wa fermioni wao hupewa S mbele: selektroni, skwaki, sneutrino. Sasa fotino, zino na higgsino zisizo na chaji zinafanana spini na chaji, kwa hiyo hazikai kila moja peke yake, huchanganyika. Mchanganyiko huo unatoa chembe nne zinazoitwa neutralino. Ile nyepesi kuliko zote iweke akilini, tutaihitaji.

Utaniambia: kama selektroni ni mwenza kamili wa elektroni, mbona haina uzito uleule, na mbona hatukuiona zamani? Ni kweli. Ulinganifu huo, yaani supasimetri yenyewe, ungekuwa kamili, selektroni ingekuwa nyepesi kama elektroni, na kwa kuwa ni bosoni ingerundikana tabaka la chini la kila atomu, kemia ikaharibika. Kwa hiyo tunajua kwa hakika kwamba ulinganifu huu, kama upo, umevunjika, na wenza wote ni wazito zaidi. Kwa kiasi gani? Hapo nadharia inanyamaza. Hata katika umbo lake dogo kabisa ina namba mpya zaidi ya 100 ambazo haikutajii thamani zake. Huo ndio udhaifu wake mkubwa, na mwalimu anayekufundisha supasimetri bila kukwambia hilo hajakutendea haki.

Basi kwa nini tuliipenda? Chukua duka la jumla pale mjini. Jioni mwenye duka anahesabu, mkononi amebaki na shilingi 125. Unafungua daftari, unakuta kwamba siku hiyo fedha zilizoingia na zilizotoka ni namba yenye tarakimu zaidi ya 30 kila upande, na zimefutana zote mpaka zikabaki hizo 125. Hutasema ni bahati. Utasema kila deni lilikuwa na malipo yake yaliyopangwa. Chembe ya Higgs, iliyotangazwa CERN, maabara ya fizikia ya chembe kule Geneva, tarehe 4 Julai 2012, ina tungamo la GeV 125 hivi. GeV ni kipimo cha nishati tunachokitumia pia kwa tungamo, na GeV moja ni karibu tungamo la protoni moja. Kila chembe inayogusana na Higgs inaongeza sehemu yake katika hesabu ya tungamo hilo (hesabu yenyewe ni ya mraba wa tungamo), fermioni kwa alama ya kutoa na bosoni kwa alama ya kujumlisha. Kama sheria tulizonazo zinashika mpaka kwenye nishati ile kubwa ambako uvutano nao unaingia katika kwanta, yaani sheria za vitu vidogo kabisa, sehemu hizo ni kubwa kupita kiasi, na bado jumla ni 125. Supasimetri inasema sababu wazi: kwa kila chembe yupo mwenza mwenye sehemu ileile kwa alama ya kinyume. Deni na malipo. Ila daftari linafunga vizuri pale tu wenza wasipokuwa wazito mno. Walitarajiwa kuwa karibu na GeV 1,000, yaani TeV moja, na hiyo ndiyo nishati ambayo mashine ya Geneva ilijengwa kuifikia.

Kuna sababu nyingine ambayo naitaja haraka: ukiweka wenza katika hesabu, nguvu za kani tatu za ndani ya atomu, ambazo hubadilika nishati ikipanda, zinakutana karibu pahali pamoja kule juu sana. Bila wenza, zinapishana. Inapendeza, lakini peke yake nisingeitegemea.

Sababu ya tatu iko mbele ya macho yako. Ukisimama ufukweni kwenu Ngomeni unaiona ile mitambo ya Wataliano imesimama baharini kwa miguu yake ya chuma. Hapo San Marco, tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout ilipaa na setilaiti ya Marekani yenye kilo 140 hivi. Ilirushwa hapo kwa sababu kwenu ni karibu mno na ikweta, nyuzi tatu tu kusini. Kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotumwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei za angani, na kiongozi wa sayansi yake, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Miongoni mwa vitu ambavyo Uhuru iliviona ni eksirei zinazotoka katika makundi makubwa ya galaksi, likiwemo kundi la Coma. Hazikutoka kwenye nyota. Zilitoka kwenye gesi iliyotandaa katikati ya galaksi, yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Gesi yenye joto hilo inakimbia, kila chembe yake ina haraka ya kutoka. Ukijumlisha uvutano wa nyota zote zinazoonekana na wa gesi yenyewe, hautoshi kuizuia. Ingekuwa imeshatawanyika zamani. Lakini ipo, imetulia. Mwanaastronomia Fritz Zwicky alikuwa ameshasema mwaka 1933, akilitazama kundi lilelile la Coma, kwamba galaksi zake zinakwenda kasi mno kuliko uvutano wa vinavyoonekana. Kuna uzito usioonekana unaoshika mambo. Leo tunauita maada ya giza, na vipimo vinaonyesha ni karibu asilimia 27 ya vyote vilivyomo ulimwenguni, huku maada ya kawaida, yaani nyota, bahari, samaki na sisi, ikiwa karibu asilimia 5 tu.

Sasa irudie ile neutralino nyepesi. Haina chaji, kwa hiyo haitoi mwanga wala haiuzuii. Ni nzito. Na kuna kanuni iitwayo R-pariti, inayosema wenza huzaliwa wawili wawili na kila mwenza akivunjika lazima abaki mwenza mwingine. Kanuni hiyo haikuwekwa kwa ajili ya maada ya giza. Iliwekwa ili protoni isivunjike, kwa maana tumeisubiri protoni ivunjike katika matangi makubwa ya maji, na kama huvunjika, basi kabla ya hapo inaishi zaidi ya miaka ambayo ni 1 ikifuatwa na sifuri 34. Lakini matokeo yake ni kwamba mwenza mwepesi kuliko wote hana pa kuvunjikia. Anadumu. Chembe nzito, isiyo na mwanga, inayodumu: ndicho hasa kilichokuwa kinatafutwa angani. Nilipoliona jambo hili kwa mara ya kwanza darasani nilisahau kuandika. Watu waliotaka kusawazisha daftari la Higgs walikuwa wamejikuta na mgombea wa kuishika gesi ya Coma, bila kumtafuta.

Inatafutwaje? Katika mashine hiyo ya Geneva, iitwayo LHC, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kuna handaki la duara lenye urefu wa kilomita 27, karibu meta 100 chini ya ardhi. Protoni zinazungushwa humo zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde, mafungu yanaelekezana, na hupishana hadi mara milioni 40 kwa sekunde. Zikigongana, nishati hugeuka kuwa chembe mpya. Neutralino ikizaliwa, vipimo havitaiona, itapita ukutani kama hakuna ukuta. Kinachoonekana ni upungufu.

Umewahi kuwa ndani ya mtumbwi usiku wa giza mtu akaruka kwenda ufukweni? Humwoni. Lakini mtumbwi unarudi nyuma chini ya miguu yako, na kwa namna ulivyorudi unajua ameruka upande gani na kwa nguvu kiasi gani. Protoni zinakuja uso kwa uso, kwa hiyo kabla ya kugongana hakuna mwendo wowote wa kwenda ubavuni. Baada ya kugongana, mwendo wa ubavuni wa vipande vyote ukijumlishwa lazima utoe sifuri. Ukijumlisha ukakuta vyote vimeegemea kushoto, kuna kitu kimetoka kulia bila kuaga. Tatizo ni kwamba neutrino nazo hutoroka hivyohivyo. Kwa hiyo kazi halisi, inayowakesha watu wa ATLAS na CMS, vifaa vinavyopima migongano hiyo, ni kukadiria kwa uangalifu ni migongano mingapi ya namna hiyo inatokana na neutrino, kisha kutazama kama kuna ziada.

Ziada haikupatikana. Mashine ilianza migongano ya TeV 7 mwaka 2010, ikapanda hadi 13 mwaka 2015 na 13.6 mwaka 2022, na kila mara hesabu ya migongano ilitimia kwa chembe za zamani peke yake. Katika hali nyingi zilizochunguzwa, gluino nyepesi kuliko TeV 2 imeshafutwa. Hiyo ni zaidi ya protoni 2,000 kwa chembe moja. Selektroni nayo, hata mashine ya zamani iliyokuwa katika handaki hilohilo hadi mwaka 2000 ilishaisukuma mpaka karibu GeV 100, mara 200,000 hivi ya elektroni. Chini ya ardhi huko Marekani, katika mgodi wa zamani wa dhahabu huko South Dakota, kilomita moja na nusu kwenda chini, kifaa cha LZ kina tani za zenoni ya kimiminika zikisubiri chembe ya maada ya giza igonge atomu moja na kutoa mmweko mdogo wa mwanga. Kimesubiri vizuri kuliko kifaa chochote kabla yake, na bado hakijaiona.

Mianya ya kujifichia bado ipo. Kama neutralino na mwenza aliye juu yake wanakaribiana sana kwa tungamo, basi kinachotoka wakati wa kuvunjika ni kidogo mno, kinapotea katika kelele za mgongano. Higgsino za GeV mia kadhaa zingali zinaweza kujificha namna hiyo. Na chembe ya Higgs yenyewe inasema maneno mawili kwa pamoja: lile umbo dogo kabisa la supasimetri lilitabiri kwamba Higgs nyepesi isingepita GeV 135 hivi, na 125 iko ndani ya mpaka, lakini ili ifike 125 inataka mwenza wa kwaki ya topu, ile nzito kuliko kwaki zote, awe mzito, na akiwa mzito daftari letu la shilingi 125 linaanza kuchafuka tena.

Maoni yangu utayataka, nami sitayaficha. Supasimetri ile tuliyoahidiwa, nyepesi, inayosafisha daftari lote la Higgs kwa mara moja, naona imekwenda. Mimi niliipenda na imeniuma. Supasimetri kama kanuni ya maumbile, iliyovunjika katika nishati ya juu zaidi, hakuna jaribio lililoigusa, na siwezi kuiita hai wala kuiita maiti. Maada ya giza haikutikiswa na haya hata kidogo: gesi ya Coma bado imetulia pale pale Uhuru ilipoiona, na kitu fulani kinaishika.

Bibi akikuuliza tena, mwambie habari ya Mfaransa Le Verrier. Aliona sayari ya Uranus inapinda njia, akasema kuna sayari nyingine inaivuta, akataja mahali, na mwaka 1846 wakatazama Berlin wakaikuta Neptune. Mwaka 1859 akaona sayari ya Zebaki (Utaridi) nayo haifuati hesabu, akasema kuna sayari nyingine karibu na jua, akaiita Vulcan. Watu waliitafuta kwa miongo. Haikuwepo. Kilichokuwepo ni kosa katika sheria ya uvutano yenyewe, na Einstein akalirekebisha mwaka 1915. Mtu yuleyule, hoja ileile, mara ya kwanza akapata sayari na mara ya pili kukosekana kwa sayari kukatupa sheria mpya. Mwanafizikia Wolfgang Pauli alipotaja neutrino mwaka 1930 hakuna aliyeiona hadi 1956. Higgs ilitajwa 1964 ikapatikana baada ya miaka 48. Katika kila moja, aliyetafuta alijua angeona nini na angekosa nini.

Na usidhani kazi hii ni ya watu wa Geneva tu. Tangu mwaka 2014 CERN imeweka hadharani, bure, sehemu ya data za migongano ya CMS, na kila mwenye intaneti anaweza kuzifungua. Unajua vekta, mmeshazisoma. Chagua mgongano mmoja, andika mwendo wa kila kipande wa kwenda ubavuni, chora mishale yake kwenye karatasi ya grafu, mkia kwa kichwa, mpaka wa mwisho. Mara nyingi mshale wa mwisho utarudi karibu na ulipoanzia. Ukipata ambao haurudi, pima pengo lake kwa rula, uniandikie ni kubwa kiasi gani na limeelekea wapi, tuanzie hapo.